Plasta Kwenye Kioo cha Saa

"Plasta iko ukurasa gani?"

Mwalimu Likizo hakusalimia. Kwa mtu ambaye siku zote husalimia kila kiumbe kilichopo kibandani, nusura na mashine ya kopi yenyewe, hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Alisimama mbele ya meza, tasnifu yake kaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, na shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Plasta gani tena, mwalimu?" Mama Kopi aliuliza, macho yakiwa kwenye karatasi alizokuwa akizipanga.

"Plasta, dada. Ya kubandika kwenye kidonda. Nimeipekua riwaya nzima tangu jana mchana, jalada hadi jalada. Sijaona plasta, sijaona bandeji, sijaona hata mtu aliyejikata kidole!"

Akafungua tasnifu ukurasa wa arobaini na saba, akaiweka juu ya meza. Pembeni palikuwa na maandishi mekundu, yale madogo yaliyosimama wima ambayo kila mwanafunzi wa fasihi pale chuoni aliyajua na kuyaogopa: *Hapa umeandika vizuri kuliko mahali pengine popote. Plasta kwenye kioo cha saa iko sura ya ngapi? Njoo mbele ya jopo, Ijumaa saa nne asubuhi.*

Mama Kopi alisoma. Akarudia. Kisha akakaa juu ya katoni la karatasi.

"Yarabi," alisema. "Ile saa ni yangu."

Hebu tuelewane kabla hatujamhukumu mtu. Mama Kopi alikuwa mchapaji. Kibanda chake kilikuwa palepale getini kwa chuo: kompyuta moja, mashine moja ya kopi yenye kiburi, stepla, na kile chuma cha kutoboa karatasi kabla ya kuzifunga. Kazi yake ilikuwa kuchapa alichoandika mwenzake, basi. Sasa mwaka ule wanafunzi wa fasihi walikuwa wamepewa riwaya moja, ya mzee mpiga gitaa ambaye bendi yake imesambaratika na saa ya ukutani imebaki kuwa mwenziwe. Kila mtu aliandika juu ya taswira za muziki na muda katika riwaya hiyo, na kila mtu aliandika maneno yaleyale. *Saa ni ishara ya muda. Gitaa ni ishara ya furaha.* Mama Kopi alikuwa amezichapa tasnifu kumi na tatu za namna hiyo, na vidole vilikuwa vimeanza kuzichapa vyenyewe bila kutazama. Kuna mwanafunzi aliisahau riwaya kibandani. Mama Kopi akaisoma wateja wakipungua, akaimaliza, akaianza tena. Ndipo hasira ikampanda. Watu wamesoma kitabu kizima cha mwanadamu anayelia, wanaandika kwamba saa ni ishara ya muda! Sasa walitaka iwe ishara ya nini, ya mihogo?

Mwalimu Likizo naye alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mwalimu wa shule ya msingi huko mbali, anayesomea digrii wakati wa likizo tu. Ndiyo maana ya jina lake. Alikuwa ameleta muswada wake wa mkono siku ya mvua, akakimbilia basi lake. Ukurasa mmoja ulikuwa umelowa, wino umekuwa uji. Mama Kopi alimpigia simu mara nane, haipatikani. Kazi ilitakiwa ofisini kabla ya saa kumi jioni ya siku hiyohiyo. Basi Mama Kopi akaketi, akaujaza ukurasa ule mwenyewe. Alijiambia ni kuziba pengo tu. Lakini vidole vilipoanza havikutaka kusimama, na alipomaliza alikuwa na machozi, akakasirika na kuyafuta kwa mkono wa blauzi.

"Kwa hiyo uliandika wewe," Mwalimu Likizo alisema polepole.

"Nikuulize na wewe. Uliisoma kazi yako nilipokurudishia?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Niliisoma."

"Ukaona?"

"Niliona. Nilijua si yangu, dada. Mimi sijawahi kuandika hivyo tangu nizaliwe. Lakini ilikuwa nzuri. Nikasema, labda niliandika nikasahau." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sasa kuna na barua kutoka idarani, inasema nisipoeleza, digrii inasimamishwa. Ruhusa yangu ya masomo inaisha mwezi ujao, na sitapewa nyingine. Miaka sita ya likizo, dada! Wanangu wananijua kwa picha."

Mama Kopi aliifunga tasnifu. Aliinua macho, akakutana na tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa kibanda chake, na kwenye kila kibanda pale getini: *Kibanda kitakachomwandikia mwanafunzi kazi yake kitaondolewa.* Herufi kubwa, nzuri, zimenyooka. Angeachaje kuzijua? Ni yeye aliyelichapa.

*

Nyumbani, mumewe alikuwa mezani akigonga.

Watu walimwita Fundi. Ujanani alipiga ngoma katika bendi ya dansi, na baadaye akawa fundi saa, akakaa miaka mingi kwenye kimeza kando ya kibanda cha mkewe, lenzi jichoni, kibano mkononi. Miezi minane iliyopita kiharusi kilimkamata sebuleni. Alipokuwa akianguka mkono wake ulifyeka ukuta, ukaiangusha saa, kioo kikapasuka. Mama Kopi aliporudi naye kutoka hospitali alikuwa na kipande cha plasta kimebaki mfukoni, akaibandika saa palepale kwenye ufa, akaitundika. Saa ilikuwa bado inatembea. Mumewe, aliyebadilisha vioo vya saa za nusu ya mji, hakuigusa tena. Kila asubuhi aliitia ufunguo kwa mkono wa kushoto, basi. Daktari wa hospitali alikuwa amemwambia agonge meza, kulia na kushoto, kulia na kushoto, ili mkono wa kulia ukumbuke kazi. Wa kushoto uligonga sawasawa na saa. Wa kulia ulichelewa kila mara, kama mlevi anayejaribu kufuata gwaride.

Mama Kopi alimweleza yote, tangu mvua hadi wino mwekundu. Fundi alisikiliza bila kuacha kugonga. Siku hizi maneno yalimtoka moja moja, na Mama Kopi alikuwa amejifunza kutoyamalizia.

"Uliandika... nini?"

"Niliandika kwamba bendi inapopiga, saa haisikiki. Wakiondoka, inasikika. Mwandishi hasemi kwamba mzee yuko peke yake. Anaiacha saa isikike tu." Alikuna sikio. "Halafu nikasema kioo kina ufa, na kuna mtu amekibandika plasta, maana hata kama muda umevunjika, alitaka uendelee kuonekana. Fundi, naapa, nilidhani nimeisoma humo! Niliiona kabisa kitabuni."

Fundi aliacha kugonga. Mabega yakaanza kumtikisika, na Mama Kopi akashtuka, akamshika mkono. Kumbe alikuwa anacheka.

"Umeitoa... saa yetu... umeipeleka chuo," alisema. "Na ada... hujalipa."

"Cheka tu. Kibanda kikiondoka tutakula kicheko."

"Mwalimu... atasema nini?"

"Amesema atasema ameandika yeye. Kwamba plasta aliiota. Ameniambia nikae kimya, asije akaniponza." Mama Kopi alishusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine ndani. "Na mimi nimekaa kimya. Nimemwacha aende hivyohivyo. Nikajisemea, mtu mzima yule, atajua mwenyewe."

Aliona aibu kuisema. Ilikuwa ndiyo sehemu ya habari aliyokuwa akiizungukazunguka tangu aingie. Fundi alimtazama, kisha akaitazama saa ukutani.

"Plasta... ni yetu," alisema. "Nenda."

*

Ijumaa, karani wa idara alimwona Mama Kopi mlangoni akamwambia bila kuinua kichwa, "Kama umeleta wino wa printa, mama, pitia stoo."

"Sijaleta wino. Nimekuja kwenye jopo."

"Jopo la wasomi?"

"Hilohilo."

Karani akamtazama kuanzia viatu hadi kilemba, akarudi kwenye viatu. "Subiri hapo nje." Kiti kilikuwepo, lakini juu yake palikuwa na mkoba wa karani, na mkoba haukuondolewa. Mama Kopi alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, na sasa aliona kwamba lilikuwa limezidi. Afadhali angekuja na yale ya kazini, angalau wangemjua.

Mlango ulipofunguliwa, aliingia kabla hajaitwa.

Ndani walikaa wahadhiri watatu. Wa katikati alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi: ndiye mwenye wino ule, ambaye wanafunzi walimwita Kalamu Nyekundu akiwa mbali, na Daktari akiwa karibu. Mwalimu Likizo alikuwa amesimama mbele yao, mikono nyuma kama mtoto wa darasa la nne aliyechelewa namba ya asubuhi.

"Nauliza kwa mara ya mwisho," Daktari alikuwa akisema. "Nani ameandika ukurasa huu?"

"Mimi," alisema Mwalimu Likizo.

"Mimi, Daktari," alisema Mama Kopi mlangoni.

Mhadhiri mmoja alikohoa. Mwalimu Likizo aligeuka, macho yamemtoka. "Dada, tulikubaliana!"

"Hatukukubaliana. Wewe ulisema, mimi nikanyamaza." Ulimi ulikuwa umekwisha kuanza safari. "Ukurasa wake ulilowa mvua. Nilimpigia simu hakupatikana. Nikajaza mimi. Hakuniomba, wala hakunilipa. Na plasta msiitafute kitabuni, haimo. Iko sebuleni kwangu."

Daktari akavua miwani.

"Mama, wewe ndiye uliyechapa lile tangazo la getini?"

"Ndiye mimi."

"Na unajua linasema nini?"

"Najua. Hata mlikosea herufi moja, nikawarekebishia."

Mhadhiri yule akakohoa tena, safari hii akiwa ameziba mdomo kwa leso. Daktari hakucheka. Alifungua droo, akatoa riwaya ile ikiwa imejaa vijikaratasi vya alama, akaiweka juu ya tasnifu.

"Nitakuambia kilichonileta hapa," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka kidogo. "Kitabu hiki nakifundisha mwaka wa sita huu. Niliposoma ukurasa huu nikasema, naam, ile plasta. Niliikumbuka. Niliiona, na kona yake moja imebanduka na kushika vumbi. Nikafungua kitabu ninukuu. Nimetafuta siku mbili, mama. Nilifika mahali nikadhani nazeeka vibaya. Nieleze. Kitu kisichokuwepo nimekionaje?"

Mama Kopi hakuwa ametarajia kuulizwa swali. Alikuwa amejiandaa kufokewa, na hotuba yake yote ilikuwa ya msamaha. Akatazama kitabu.

"Daktari, nisome?"

"Soma."

Alikifungua bila kupekua sana, ukurasa wa tisini na nne, akasoma kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuwasomea wateja makosa yao: wanamuziki wanafunga vyombo, wanaagana, mlango unafungwa, halafu saa inasikika ukutani. Mistari mitano tu.

"Basi," alisema. "Hasemi saa ni ya mbao au ya bati. Hasemi kioo kikoje. Ameacha ukuta mtupu, na kila mtu anatundika ya kwao. Mimi nilitundika yangu. Kosa langu ni kusahau kuishusha." Alifunga kitabu. "Na wewe, Daktari, hiyo kona iliyobanduka sikuiandika mimi. Soma ukurasa. Hiyo umekuja nayo mwenyewe."

Daktari alivuta tasnifu, akasoma ukurasa wa arobaini na saba kuanzia juu hadi chini, kidole chake kikifuata mistari. Kona iliyobanduka haikuwepo. Alikaa na kidole chake pale chini kwa muda, na wenzake wakatazama dirishani kwa adabu.

"Kaa, mama," alisema hatimaye. "Kaeni wote wawili."

*

Usidhani walishangiliwa. Ukurasa wa arobaini na saba uliondolewa. Mwalimu Likizo alipewa wiki tatu aandike sura nzima upya, kwa maneno yake, ruhusa yake ikiwa inamwishia kisogoni. Kibanda kilifungwa wiki mbili, na kufuli likawekwa na mlinzi ambaye siku zote hupigiwa kopi bure. Naye hakuweza kumtazama Mama Kopi usoni. Daktari alikuwa ameandika kwenye ripoti kwamba mhusika alijitokeza mwenyewe bila kuitwa. Sentensi hiyo moja, watu walisema, ndiyo iliyozuia kibanda kisiondolewe moja kwa moja.

Wiki mbili hizo Mama Kopi alikaa nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe. Hakujua mchana wa nyumbani ulivyo mrefu. Siku ya tano, akichambua mchele jikoni, alisikia kitu kimebadilika sebuleni, asijue ni nini. Akaacha ungo, akasikiliza. Saa, na kugonga. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Mlevi alikuwa amelikaribia gwaride. Hakuwa amelifikia, lakini alikuwa mstarini. Mama Kopi hakwenda kutazama, aliogopa akionekana litavurugika. Alisimama na punje za mchele kiganjani, akashukuru kimoyomoyo.

Mwalimu Likizo alikuwa akija jioni na karatasi zake, anaandika kwenye meza ileile, Fundi upande wa pili.

"Siioni, dada," alilalamika. "Ninasoma mistari mitano, naona mistari mitano."

"Kwenu saa ilikuwaje?"

"Kwetu hakukuwa na saa. Kulikuwa na redio ya baba. Kitufe chake kilivunjika, tukawa tunaizungusha kwa koleo. Koleo lilining'inia hapo kwa kamba, na ole wako ulihamishe! Baba alipokufa hakuna aliyeliondoa. Redio haikuwashwa tena, lakini koleo lili..." Kalamu ikabaki hewani.

"Haya," alisema Mama Kopi. "Sasa andika ya mzee wa kitabuni. La koleo usiliandike, tafadhali. Tutafungiwa tena."

Fundi alicheka hadi akapaliwa. Mwalimu aliandika, akakata, akaandika. Kibanda kilipofunguliwa Mama Kopi aliichapa sura ile neno kwa neno. Palikuwa na sentensi moja iliyochechemea vibaya, ingetaka kuhamishwa neno moja tu, na vidole vilimwasha. Aliinuka, akazunguka kibanda mara mbili, akarudi akaichapa ikichechemea vilevile. Mwalimu Likizo alifaulu kwa alama za wastani. Alizionyesha getini kwa kila mtu, hata kwa muuza vocha ambaye hakumuuliza.

Fundi naye alikuwa amerudi kwenye kimeza chake, kwa kukaa tu, alivyosema, apigwe na upepo. Mteja wake wa kwanza alikuja Jumatatu na miwani inayoning'inia kwa uzi. Aliweka juu ya kitambaa saa ndogo ya mkononi, ya kike, ya zamani. Kioo chake kilikuwa na ufa, na juu ya ufa kipande cha plasta kilichokuwa cheusi kwa uchafu. Kona moja ilikuwa imebanduka.

"Ya marehemu mama yangu," Daktari alisema. "Ilikuwa kwenye kabati miaka kumi na mmoja. Sikuikumbuka kabisa, mpaka siku ile." Akamgeukia Mama Kopi, akasita. "Sijui niseme nini. Nibandikie plasta mpya, basi."

"Plasta?" Fundi aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu augue sentensi nzima ilimtoka kwa mpigo. "Saa si kidonda, Daktari! Mimi... ni fundi."

Akaweka lenzi jichoni. Kazi ambayo zamani ingemchukua dakika kumi ilimchukua hadi adhuhuri. Kioo kilimponyoka mara tatu, na mara zote tatu Mama Kopi alijilazimisha kutazama mashine ya kopi. Daktari alisubiri, amekaa juu ya katoni la karatasi, darasa lake likimngoja huko ndani. Mara ya nne mkono wa kushoto ulishika, wa kulia ukabonyeza, na kioo kikaingia.

Jioni hiyo, bila kuambiwa na mtu, Fundi aliishusha saa ya sebuleni akaitia kioo kipya. Ile plasta aliibandua taratibu, akampa mkewe mkononi.

Mama Kopi hakuitupa. Kesho yake aliibandika mahali pake, katika ile riwaya iliyosahauliwa kibandani, kando ya mistari mitano. Na wanafunzi wa mwaka mpya walipoanza kuja, mmoja aliyesikia uvumi wa getini akamwinamia mezani akauliza kwa kunong'ona kama kweli humo kitabuni kuna plasta.

"Imo," alisema Mama Kopi. "Ukurasa wa tisini na nne. Lakini hiyo ni yangu, mwanangu. Nenda katafute yako."